Mama kijacho, mazoezi ruksa – ndoo mwachie punda!

Mjini tunaambiwa tukae, kijijini wanaambiwa wakaze. Nilipokwenda nyumbani Mbulu na tumbo la miezi mitano, niligundua kwamba wote tunahitaji ushauri mmoja, ila kila mtu anausikia nusu yake.

Mashosti wangu wa Dar wana kauli moja kwa kila mwenye mimba: "Wewe pumzika, unalea." Ukisimama, kuna mtu tayari ameshakuvutia kiti. Ukiinama kuokota kalamu, ofisi nzima inapiga yowe. Kufikia mwezi wa tano nyonga zilikuwa zinaniuma kwa kukaa, na usiku misuli ya miguu inakaza kama nimecheza mpira. Dokta wangu ndiye aliyekata mzizi wa fitina. "Mimba siyo ugonjwa, mama. Tembea." Akaniandikia kama anavyoandika dawa: nusu saa kwa siku, siku tano kwa wiki.

Wiki mbili baadaye nikaenda nyumbani, kijiji cha pembeni ya Dongobesh, kwenye shughuli ya familia. Wifi yangu, mke wa kaka, naye alikuwa mjamzito, mimba ya miezi saba. Nikatangaza pale jikoni, kwa majigambo kidogo, kwamba mimi kila asubuhi nitakuwa natoka kufanya mazoezi. Wifi akacheka mpaka akashika ukuta.

"Mazoezi gani tena, wifi? Twende kwenye maji."

Basi tukaenda. Kushuka bondeni hadi kwenye chemchemi ni kama dakika kumi na tano, njia ya udongo mwekundu unaoteleza maana mvua zilikuwa zimeanza. Wakati wa kushuka alikuwa ananipa umbea wa kijiji kizima bila kukata pumzi, nani kaolewa, nani kaachika. Mimi, mtu wa usawa wa bahari, nilikuwa natweta mikono mitupu, maana Mbulu iko juu zaidi ya mita 1,500 na mwili hauzoei hewa ya huko kwa siku moja. Akajaza ndoo ya lita 20, akaweka ngata, akajitwika. Wakati wa kupanda hakusema neno. Nilimuuliza kitu, akanijibu kwa kidole.

Nilikumbuka ule ukimya baadaye, kwa sababu ndiyo kipimo chenyewe.

KUONGEA NDIYO MITA YAKO

Zamani madaktari wa Marekani walikuwa na sheria kali: mwongozo wao wa mwaka 1985 ulisema mapigo ya moyo ya mjamzito anayefanya mazoezi yasizidi 140 kwa dakika. Mwaka 1994 wakaifuta, kwa kuwa haikuwa na ushahidi wa kutosha, na pia moyo wa mjamzito unadunda haraka hata akiwa amekaa. Kilichobaki ni kipimo ambacho hakihitaji saa wala mashine. Kama unaweza kuongea sentensi nzima huku unatembea, uko salama. Kama unaweza hata kuimba, ongeza mwendo kidogo. Kama huwezi kuongea, umezidisha, punguza au simama.

Mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani, WHO, lilitoa mwongozo wake kwa wajawazito wasio na tatizo la kiafya: angalau dakika 150 kwa wiki za shughuli za wastani, pamoja na mazoezi ya kuimarisha misuli na kunyoosha viungo taratibu. Ambaye hakuwa na mazoea aanze kidogo kidogo, hata dakika kumi. Faida siyo za umbo tu. Hatari ya kisukari cha mimba inapungua, presha ya mimba inapungua, uzito haupandi kupita kiasi, na ile huzuni nzito ya baada ya kujifungua inapungua. Na lile tunalotishana nalo saluni, kwamba kutembeatembea kunatoa mimba au kunamfanya mtoto azaliwe mdogo? Halina ukweli kwa mwenye mimba isiyo na matatizo.

Sasa, wifi yangu dakika zake 150 anazimaliza kabla Jumanne haijaisha. Kwa nini basi nisimsifie tu nikanyamaza?

Kwa sababu kazi na mazoezi ni vitu viwili. Mazoezi unayaanza unapotaka na kuyaacha ukichoka, na baada ya hapo unakula na kupumzika. Ndoo haina hiyo ruhusa. Ukishajitwika bondeni, utaitua nyumbani. Na uzito wake ni hesabu nyepesi: lita 20 za maji ni kilo 20, bado ndoo yenyewe. Wataalamu wa usalama kazini wa Marekani wamependekeza kwamba mjamzito asinyanyue zaidi ya kilo 16 hivi katika nusu ya kwanza ya mimba, na kilo 12 hivi baada ya hapo, tena mara chache na mzigo ukiwa karibu na mwili. Kunyanyua vizito mara kwa mara na kusimama kwa saa nyingi kunaongeza kwa kiasi fulani uwezekano wa mimba kutoka au mtoto kuzaliwa kabla ya wakati.

Kuna na suala la chakula. Mwaka 1997 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa miaka mitano katika vijiji 28 vya Gambia, ambako msimu wa kulima ndio huohuo msimu wa ghala tupu. Wajawazito walipewa biskuti za karanga kila siku. Watoto waliozaliwa msimu wa njaa waliongezeka uzito kwa gramu 200 hivi. Jembe linakula nguvu, na asipoongezewa chakula mama, mtoto ndiye anayelipa. Ukienda Mbulu au Hanang mwezi wa kupalilia utaelewa ninachosema.

Mwajiriwa ana Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inayompa likizo ya uzazi ya siku 84. Mkulima wa Dongobesh anaomba likizo kwa nani? Kwa mume wake.

KIKAO CHA JIKONI

Nilijua hili suala ni zito zaidi ya ndoo. Mimba ya wifi iliyopita ilitoka ikiwa ya miezi saba, mtoto akaishi siku mbili. Hakuna aliyesema ni ndoo, na mimi sisemi, maana watoto njiti wana sababu nyingi na nyingine hazijulikani kabisa. Lakini nilimwona wifi anavyohesabu wiki. Alikuwa anafunga fundo kwenye uzi uliofungwa dirishani, fundo moja kila Jumapili.

Nikaanza na mama yangu, aayo wetu. Ndiyo kwanza nimefungua mdomo. "Mwanangu, mimi nimezaa wanane. Wewe mwenyewe nilikuzaa siku niliyotoka shambani." Ukweli mtupu, na huwezi kubishana na mama aliyezaa wanane. Nikamuuliza tu, mama, siku zile nani alikuwa anakusaidia? Akafikiri. Akataja wadogo zake wawili, mama mkwe wake, na binti wa jirani. Wifi ana nani? Wadogo zake wako Babati na Arusha, watoto wa jirani wako shule. Mama akanyamaza, akaendelea kupepeta.

Tatizo la huku kwetu, nawapenda lakini nitasema, ni kwamba tunaabudu uvumilivu. Mbulu ndiko alikotoka John Stephen Akhwari, aliyeanguka kwenye marathoni ya Olimpiki ya Mexico City mwezi Oktoba 1968, akaumia goti, akafungwa bandeji, akachechemea hadi mwisho zaidi ya saa moja baada ya mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia. Tumelelewa na hadithi hiyo, na ni hadithi nzuri. Ila mwanamke mwenye mimba akianza kuumwa katikati ya mlima hapaswi kumaliza chochote. Atue mzigo palepale, hata kama maji yatamwagika.

Kaka ndiye alikuwa mgumu. Punda wanaye, wawili wazima, wanalala kivulini mpaka siku ya mnada wanapobeba magunia ya mahindi. Nikamwambia, kaka, madumu mawili tu, moja kila upande, safari moja inatosha siku nzima. Akasema punda wa biashara siyo wa maji. Baadaye, tulipobaki wawili, akasema lenyewe: "Unataka wanaume wenzangu wanikute chemchemini na kina mama?"

Aliyemaliza kesi ni nesi wa kliniki. Siku hiyo kaka alimsindikiza mkewe, maana siku hizi kliniki inapenda baba aje. Wifi akapimwa, damu ikasoma 9. Mjamzito anatakiwa kuwa na angalau 11, na ikishuka chini ya 7 huo ni upungufu mkubwa. Nesi akauliza kazi za nyumbani, akaambiwa maji ni safari mbili au tatu kwa siku. Akamgeukia kaka, foleni nzima inasikia.

"Baba, punda wako akiwa na mimba kubwa, unampakia magunia?"

Kaka akajibu haraka, kama aliyeulizwa swali la kitoto. "Hapana, dada nesi. Tunampumzisha."

Kina mama walicheka mpaka watoto wakaamka. Kaka alitazama viatu vyake njia nzima ya kurudi. Kesho yake alimtuma mdogo wetu na punda. Siku ya tatu mdogo wetu hakuwepo, na saa kumi na moja alfajiri, giza bado, nikasikia kwato uani. Ni yeye mwenyewe, kajifunika kofia mpaka kwenye nyusi.

Wifi hakuambiwa alale. Kwa historia yake na damu yake nesi alimpa masharti: kutembea kawaida ndiyo, mizigo hapana, kusimama muda mrefu hapana, vidonge vya kuongeza damu kila siku, na mboga za majani na maharage zisikose. Kupalilia apige magoti au akae kwenye kigoda badala ya kuinama mgongo umepinda. Mtoto wa lita 5 wa kunawia, huyo aliruhusiwa.

HUKO KATESH, KINYUME CHAKE

Kutoka hapo nilishuka Dareda, nikashika lami ya Babati–Singida mpaka Katesh, Hanang, kumsalimia binti wa mama mdogo. Yeye ni mwalimu wa sekondari, mimba ya kwanza, miezi minne, na yeye ndiye msomaji hasa wa ukurasa huu. Nyumba na shule vinatenganishwa na mwendo wa dakika ishirini kwa miguu. Anapanda bodaboda kwenda na kurudi, halafu anakaa darasani na ofisini siku nzima. Anaogopa kuchoka.

Hapo nikasema kinyume cha nilivyosema Dongobesh. Shosti, shuka kwenye bodaboda. Njia ya vumbi na mashimo, nyuma ya kijana anayekimbizana na abiria wa pili, ina hatari ya kuanguka kuliko miguu yako mwenyewe. Akitembea kwenda na kurudi siku za kazi, dakika zake 150 zimetimia na chenji inabaki. Viatu viwe raba au vyovyote vyenye kisigino bapa vinavyoshika mguu, siyo kandambili. Tumbo likikua uzito unasogea mbele na viungo vinalegea kwa sababu ya homoni, kwa hiyo mguu unapinduka kirahisi. Maji ya kunywa kwenye mkoba. Jua kali likwepwe, atoke asubuhi au jioni.

Jioni nyumbani afanye kuchuchumaa na kusimama huku ameshika kiti, mara kumi, apumzike, arudie. Ausukume ukuta kwa mikono. Awashe redio acheze, kwa nini asicheze? Ila kuanzia mwezi wa nne mazoezi ya kulala chali ayaache, kwa kuwa mji wa mimba unakandamiza mshipa mkubwa unaorudisha damu kwenye moyo na anaweza kusikia kizunguzungu.

Alikuwa na maswali mawili mazuri. La kwanza ni netiboli, maana anafundisha timu ya wasichana na huwa anaingia uwanjani mwenyewe. Kufundisha aendelee. Kucheza aache, kwa sababu ya kugongana na kuanguka. La pili lilinichekesha: yeye na mume wake walikuwa wameahidiana kupanda mlima Hanang, wanaouona kila siku dirishani. Hapo nilisema hapana bila kupepesa. Kilele kina mita 3,417, hewa ni nyembamba, njia ni ya kuteleza, na ukipata tatizo katikati hakuna gari litakalokufikia. WHO inatahadharisha kuhusu mazoezi ya sehemu za juu kuliko ulikozoea kuishi. Mlima upo, utamsubiri.

Na wanaokimbia? Huku siyo swali la kinadharia, maana Katesh ndiko alikozaliwa Gidamis Shahanga, bingwa wa marathoni wa Michezo ya Jumuiya ya Madola mwaka 1978 na wa mita 10,000 mwaka 1982, na wasichana wa huku wanakimbia. Aliyekuwa mkimbiaji kabla ya mimba anaweza kuendelea akipunguza kasi na umbali, kwa ushauri wa daktari wake. Serena Williams alichukua Australian Open Januari 2017 akiwa na mimba ya wiki nane hivi. Nada Hafez wa Misri alishindana kwa upanga kwenye Olimpiki ya Paris mwaka 2024 akiwa na miezi saba. Lakini hao wana timu ya madaktari nyuma yao. Mfano ninaoupenda mimi ni jirani yetu Faith Kipyegon wa Kenya, aliyejifungua mwaka 2018, akarudi taratibu, akachukua dhahabu ya mita 1,500 mwaka 2021 na tena 2024. Ambaye hajawahi kukimbia asianzie kwenye mimba.

SIMAMA, NENDA HOSPITALI

Hii sehemu isome mara mbili, na baba watoto naye aisome. Ukiona damu ukeni, au maji yanatoka, au tumbo linakaza kwa maumivu na kurudia, acha unachofanya. Vivyo hivyo kizunguzungu au kuzimia, kifua kuuma, pumzi kukata kabla hata hujaanza, kichwa kuuma sana au macho kuona ukungu, shavu la mguu mmoja kuvimba na kuuma, au mtoto kucheza kidogo kuliko kawaida yake. Usimsubiri mama mkwe arudi mnadani. Nenda.

Wako pia wasiotakiwa kufanya mazoezi mpaka daktari aseme: ambaye kondo la nyuma limekaa chini na kuziba njia, ambaye shingo ya kizazi imelegea, ambaye chupa imepasuka kabla ya wakati, mwenye presha ya mimba, mwenye ugonjwa wa moyo au mapafu, mwenye upungufu mkubwa wa damu. Ndiyo maana kliniki inakuja kwanza, raba baadaye.

Na kuna zoezi moja ambalo nililifundisha Dongobesh na Katesh sawasawa, na kote wanawake walicheka halafu wakaomba nirudie. Kaza ile misuli unayoitumia kuzuia mkojo, hesabu mpaka tano, achia, pumzika, rudia mara kumi. Kila siku. Unaweza kulifanya umekaa kanisani na hakuna atakayejua. Linasaidia mkojo usikutoke ukicheka au ukikohoa, tatizo ambalo wengi wetu wanalo na hawalisemi hata kwa waume zao.

BAADA YA MTOTO

Wifi alijifungua mwezi Mei, hospitali, mafundo ya dirishani yakiwa yamefika ya kutosha. Mtoto wa kike, kilo tatu kasoro kidogo. Sisemi ni punda. Ila kaka anasema ni punda, na anawasimulia watu mnadani.

Huku kwetu mzazi hukaa ndani wiki kadhaa, analetewa uji na maziwa, na mimi nauunga mkono utaratibu huo kwa mikono miwili. Sharti langu ni kwamba kukaa ndani kusigeuke kulala siku nzima, maana wiki sita za mwanzo ndizo hatari ya damu kuganda kwenye mishipa inapokuwa kubwa. Atembee humo ndani, atoke uani. Zoezi la kukaza misuli alianze akiwa kitandani, taratibu, asipolazimishwa na maumivu. Aliyefanyiwa upasuaji asubiri ruhusa ya daktari kwa mengine yote. Kukimbia kusiwe kabla ya miezi mitatu. Ndoo ya lita 20 nayo ingoje angalau mpaka apimwe wiki ya sita, na mimi ningeongeza hapo.

Juzi, mimi nikiwa na wiki 31 na bado natembea kila asubuhi pale mtaani kwetu, kaka alinipigia. Tukaongea habari za mtoto, habari za mvua, bei ya mahindi. Mwishoni akauliza, kwa sauti ya chini kidogo, punda anarudi lini kwenye magunia. Nikamwambia mtandao unasumbua, simsikii vizuri.